Baba, chapati na Wahadza

Wiki hii kwenye kipindi tuligusia kupunguza uzito, tukaahidi kuwaletea historia yake kidogo. Basi hii hapa.

Baba akiona saa yangu ya mazoezi huniambia: "Sisi tulikwenda shule kwa miguu, ndiyo maana hatukunenepa. Nyinyi hapa Katy hata maziwa mnayafuata kwa gari." Nilimwamini. Nikawa nakimbia George Bush Park, saa inasema nimechoma kalori 500, nikifika kwa Mama najilipa chapati mbili. Miezi minne, mzani haujasogea.

Hesabu hii ilianzia wapi? Miaka ya 1890, Wilbur Atwater wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, alikuwa akimweka mtu ndani ya chumba maalumu kwa siku kadhaa, anapima chakula alichokula na joto lililotoka mwilini. Mwaka 1918 daktari Lulu Hunt Peters akatoa kitabu kilichowafundisha watu wa kawaida kuhesabu kalori ili wapungue. Kanuni ni ileile ya leo: kalori unazokula ziwe chache kuliko unazotumia.

Lakini kuhusu hizo unazotumia, somo kubwa lilitoka nyumbani. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti juu ya Wahadza, wanaowinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Watu wazima 30 walikunywa maji maalumu, kisha mkojo wao ukapimwa kujua mwili unatumia kalori ngapi. Wanaume walikuwa wakitembea kama kilomita 11 kwa siku. Kumbe, ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya siku hayakutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya! Pontzer anasema mwili una bajeti: ukitumia zaidi huku, unabana kule.

Nilimsimulia Baba. Alinyamaza, halafu akasema taratibu, "Basi labda ni chakula. Kuna siku tulikula mara moja tu." Miaka yote hiyo alitusimulia safari ya shule. Njaa hakuwahi kuitaja.

Bado nakimbia, maana moyo unahitaji, na kisukari kipo kwenye ukoo wetu. Ila chapati sasa ni moja, na naiandika kabla sijaila. Nanyi mkikaa na wazazi, msiwaulize tu walitembea umbali gani. Waulizeni walikula nini.