Dani Nabudere: Wakili wa Mbale aliyeingia bodi ya reli

Dani Wadada Nabudere, wakili wa Budadiri karibu na Mbale, aliingia bodi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwanzoni mwa utawala wa Idi Amin. Shehena ya Mombasa ilipita Tororo, nyingine kwenda Jinja na Kampala, nyingine Mbale na Soroti. Alijiuzulu 1973, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuandika kuhusu ubeberu. Shirika lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, hasara ambayo wasafirishaji waliijua vizuri. Amin alipoangushwa 1979, Nabudere akawa Waziri wa Sheria. Baadaye alianzisha Taasisi ya Marcus Garvey mjini Mbale. Alifariki Novemba 9, 2011.