Tarihi ya Bomba Lililopindwa

Mwenye kusimama mbele ya beseni la kunawia uso, akaona maji ya sabuni yamekataa kushuka, aghalabu hulilaani bomba lililopindwa chini yake, wala hakumbuki kwamba pindo hilo linalomtaabisha ndilo linalomkinga na uvundo wa mfereji. Mwaka 1775, mjini London, fundi wa saa mwenye asili ya Uskoti, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopindwa mfano wa herufi S, ili maji machache yasalie pindoni daima na kuiziba njia ya hewa chafu. Si ajabu fikra hiyo kutoka kwa mtu aliyezoea kazi ndogo zenye kutaka subira. Mji wenyewe, hata hivyo, haukutengenea upesi, kwani katika kiangazi cha 1858 uvundo wa mto Thames ulizidi hata mapazia ya Bunge yakarowekwa dawa ya chokaa, ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu ya chini ya ardhi.

Pindo likaenea majumbani, na ila yake pamoja nalo: nywele hunasa humo, sabuni na mafuta hugandamana nazo. Mafundi wa mabomba ya risasi waliweka ndoo, wakafungua kizibo kilichoachwa makusudi chini ya pindo, wakauvuta uchafu kwa waya. Kwa rai yangu njia hiyo ingali bora, maana dawa kali, ikishindwa kuzibua, hubaki bombani ikimngoja fundi atakayelifungua, imwunguze mikono.