Reli iliyopita ng'ambo: treni ya abiria katika historia ya Kasongo na Kabambare

Zamani, kabla ya reli, barabara kuu ya Kongo ya mashariki haikupita mbali na Wamaza. Misafara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Stanley aliipita njia hiyo mwaka 1876, na hapo ndipo alipopatana na Tippu Tip amsindikize kuteremka Lualaba. Kiswahili kiliingia Maniema kwa njia hiyohiyo, na pembe za ndovu zikatoka kwayo, pamoja na watu waliofungwa minyororo. Njia ilikuwa moja, na mzigo ulibebwa kichwani.

Nyangwe na Kasongo ziliangukia mikononi mwa askari wa mfalme Leopold mwaka 1893. Miaka tisa baadaye, mwaka 1902, kampuni ya CFL ya tajiri Mbelgiji Edouard Empain ilipewa kibali cha kujenga reli za Kongo ya juu. Hapo ndipo Kasongo na Kabambare zilipoanza kuachwa kando, na si kwa sababu mtu fulani alizichukia. Wahandisi walikuwa wanauangalia mto tu. Kwa hesabu yao, mto ndio barabara, na reli ni kiraka cha kuruka maporomoko. Kisangani hadi Ubundu maji hayapitiki, wakatandika kilomita 125 za reli, zikafunguliwa mwaka 1906. Ubundu hadi Kindu meli inapita, basi hapakujengwa kitu. Kindu hadi Kongolo mawe yamejaa, na karibu na Kongolo kuna ule mwembamba wa mto ambao Wazungu waliuita Milango ya Jehanamu. Kwa hiyo reli ya pili, kilomita 355, ikapita Kibombo na Samba, ikafunguliwa mwaka 1910.

Ilipita ng'ambo ya kushoto ya Lualaba. Kasongo iko kulia, na Kabambare iko mbali zaidi upande wa mashariki. Tangu siku hizo mtu wa Wamaza anayetaka treni ana njia mbili: ateremke kusini hadi Kongolo, au apande Kasongo, avuke mto, atafute kituo cha Samba.

Yafaa kukumbuka reli hiyo ilijengwa kwa faida ya nani. Serikali ya Leopold iliwahakikishia wenye hisa riba ya asilimia 4, treni ijae au iende tupu, na juu ya hayo kampuni ikapewa haki juu ya hekta milioni 4 za ardhi. Hapakuwa na sharti la kumfikisha mama na watoto wake sokoni. Tangu mwaka 1917 pamba ilianza kulimwa Maniema kwa amri, na aliyekataa aliadhibiwa. Baadaye ikaja bati ya Kalima, iliyoshushwa Kindu kupakiwa kwenye mabehewa. Na pamba ilifikaje kwenye reli? Kichwani. Wazee husimuliwa sana kwamba reli ilimaliza uchukuzi wa kichwani, lakini kwa vijiji vya mashariki ya Lualaba iliupa kituo kipya tu: zamani mzigo ulielekea ziwani, sasa ukaelekea mtoni.

Hata hivyo abiria walipanda. Mwaka 1915 reli ya Kabalo hadi Kalemie, kilomita 273, ilikamilika katikati ya vita, ikapitisha askari na risasi za kwenda kupigana na Wajerumani. Upande wa pili wa ziwa, reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Vita vilipokwisha, mtu wa Maniema aliweza kupanda treni Kindu, akaingia melini Kongolo, akapanda treni tena Kabalo, akavuka ziwa, akamalizia safari yake kwenye bahari ya Hindi. Mwaka 1939 Kongolo na Kabalo zikaunganishwa kwa reli. Mwaka 1955 upana wa reli ukabadilishwa ulingane na ule wa Katanga, na mwaka 1956 Kabalo ikaungana na Kamina. Kutoka Lubumbashi hadi Kindu ikawa safari moja ya karibu kilomita 1,500, bila kushuka kwenda melini. Treni za umeme ziliishia Kamina. Kuja kaskazini ni mafuta.

Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilikusanya makampuni yote kuwa moja, SNCZ, ambayo leo ni SNCC. Reli zilichakaa, injini zikafa, wafanyakazi wakakaa miezi mingi bila mshahara. Wafanyakazi wa reli waligoma mara nyingi kudai pesa zao, na pengine hao ndio watetezi wa kwanza wa treni katika nchi hii, kwa kuwa gari lisilolipa dereva haliwezi kuwa na ratiba.

Kisha vita. Kindu ilichukuliwa na waasi wa RCD mwezi wa kumi mwaka 1998, reli ikawa imekatwa katikati ya pande mbili za mapigano. Kwa karibu miaka sita hakuna treni iliyotoka Lubumbashi ikafika Kindu. Baiskeli zikashika kazi ya mabehewa: chumvi, sabuni, mchele, mawese, hata wagonjwa, vyote vikasukumwa kwa mikono kwenye mchanga na matope. Bei ya chumvi ikawafundisha watu maana ya reli kuliko hotuba yoyote. Treni iliporudi Kindu mwaka 2004, ilirudi na bidhaa kwanza.

Na imebaki hivyo. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilipitisha mradi wa uchukuzi wa dola milioni 255, sehemu kubwa kwa ajili ya kuifufua SNCC. Nia ilikuwa njema, lakini shirika lililotakiwa kujilipia lenyewe huangalia mzigo unaolipa. Abiria halipi kama shaba. Kwa hiyo watu hudandia treni za mizigo, juu ya magunia au juu ya paa. Mwezi wa tatu mwaka 2022, huko Buyofwe katika jimbo la Lualaba, treni ya mizigo iliacha reli na watu 75 wakafa. Waliitwa wapandaji wasio na ruhusa. Ni neno zito kulisema juu ya watu ambao hawakuwekewa treni ya kukatia tiketi.

Kwa familia zilizokimbia Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare, jambo hili si la vitabuni. Aliyekimbia kwa miguu akafika Kasongo, au akavuka hadi Kongolo, anataka kurudi kuona shamba lake, au kumfikia ndugu aliye Kindu au Kalemie. Pikipiki inakula pesa za mwezi mzima, na njiani kuna vizuizi ambapo kila mwenye bunduki anatoza chake. Behewa moja linabeba watu ambao wangehitaji pikipiki makumi, kwa mafuta kidogo zaidi, tena pamoja na mizigo yao.

Jirani wa mashariki ameonyesha kwamba inawezekana kuanza na watu. Tanzania ilipofungua reli yake mpya ya umeme mwaka 2024, Dar es Salaam hadi Morogoro na kisha Dodoma, treni za kwanza zilikuwa za abiria, zenye saa na bei zinazojulikana. Upande wa magharibi, reli ya Lobito ya Angola imekabidhiwa kampuni binafsi kwa miaka 30, na inaelekezwa kwenye migodi ya Kolwezi. Maniema haimo katika ramani hiyo.

Ndiyo maana dai la kusini mwa Maniema halifai kuwa reli itengenezwe tu, kwani imetengenezwa zaidi ya mara moja. Dai ni mkataba ambamo serikali inailipa SNCC kwa kila treni ya abiria inayofika Kindu, kama inavyolipa mwalimu au muuguzi: behewa lenye viti na paa, siku moja ya wiki isiyobadilika, bei iliyobandikwa ukutani Samba na Kongolo, na kivuko cha Kasongo kinachomngoja abiria siku hiyo.