Kasi Hewani na Kimo

Miongoni mwa istilahi za urubani zinazotaka kufasiriwa kwa hadhari ni ile itajayo mbio za ndege zikipimwa kwa hewa inayoikabili, wala si kwa ardhi iliyo chini yake. Mfasiri mwenye haraka huiita kasi ya ndege, na mwenye haraka zaidi huiita kasi ya hewa, ambayo katika masikio ya Mswahili yeyote ni kasi ya upepo. Mimi nimechagua kasi hewani, kwa kuwa mbio ni za ndege, na hewa ni mahali zinapopimiwa.

Manahodha wa mwambao waliijua tofauti hii kabla ndege hazijazuka. Walipotia batli, ile kamba ya kupimia mwendo wa chombo, walipata mbio za jahazi katika maji. Kwamba mkondo ulikuwa ukilisukuma au ukilirudisha nyuma, batli haikuwaambia. Rubani, ambaye jina lake lenyewe ni urithi kutoka kwa waongozaji wa vyombo vya bahari, naye ana batli yake: neli nyembamba itazamayo mbele, ambayo asili yake ni chombo alichobuni Mfaransa Henri Pitot mwaka 1732 ili apime mwendo wa maji ya mto Seine. Hewa ishindiliwayo katika mdomo wa neli hulinganishwa na hewa iliyotulia ubavuni, na tofauti ya migandamizo hiyo miwili ndiyo isogezayo mshale mbele ya rubani.

Ama neno la pili, litajalo umbali wa ndege kwenda juu, nimeliacha urefu, kwa sababu kamba nayo ina urefu, nikashika kimo. Kalangalala, kata ya mjini Geita, ina mwinuko; ndege ipitayo juu yake ikielekea kiwanja cha mgodi wa dhahabu ina kimo, na rubani akivichanganya viwili hivyo siku ya mawingu, watu huweza kufa. Tena kimo sharti kitajwe kimeanzia wapi. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo ndege iliyokwisha kutua Mwanza, kando ya ziwa, ikiwa kipimakimo chake kimewekwa kwa mgandamizo wa usawa wa bahari, bado husoma zaidi ya futi 3,700 ilhali magurudumu yake yamo juu ya lami.

Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na jua la nyuzi 30 huizidishia wepesi. Caravan, ndege ya injini moja inayofahamika sana katika viwanja vidogo vya nchi yetu, hujongea kutua mshale ukisoma maili 80 hivi za baharini kwa saa, popote iwapo. Lakini mshale huhesabu msukumo wa hewa, hauhesabu masafa: pwani mbio za kweli huzidi kidogo tu hizo 80, na Mwanza adhuhuri hukaribia 88. Ongezeko la sehemu moja ya kumi katika mbio hudai karibu sehemu moja ya tano zaidi ya njia ya kusimamia, jambo lisilo dogo kwa kiwanja kifupi.

Lakini kiini cha mlango huu ni kwamba kasi hewani na kimo ni sura mbili za nishati moja. Mwenye maili 140 za baharini kwa saa, akiinua pua mpaka zikabaki 100, hupata kimo cha mita 130 hivi, ukiacha kinacholiwa na ukinzani wa hewa. Akiinamisha pua, kimo hurudi kuwa kasi. Wolfgang Langewiesche, katika Stick and Rudder cha mwaka 1944, alishikilia kuwa usukani wa pua hutawala kasi, na nguvu ya injini hutawala kupanda na kushuka, kinyume cha anavyodhani asiyejifunza. Wapo wanaombishia hata leo. Nami naona ubishi huo wafaa zaidi kwa walimu, maana mikono ya rubani hufanya kazi pamoja.

Ndiyo maana, kwa tendo lenyewe, sikuridhika na kudhibiti, neno ambalo humwacha mwanafunzi akishika kasi kwa mkono mmoja na kimo kwa mwingine, kana kwamba havijuani. Nasema kuratibu kasi hewani na kimo. Afikaye karibu na kiwanja akiwa chini mno, na mbio zimepungua, akainua pua ili aikwepe miti, hupoteza kasi iliyosalia, na mbawa, zikiisha kuielekea hewa kwa pembe kali kupita kiasi, huacha kubeba. Naye huyo, pengine, alikuwa akikidhibiti kimo vizuri sana.