Msimamizi Si Mrithi

Muhtasari wa kikao cha ukoo aghalabu huandikwa kwenye karatasi ya daftari: waliohudhuria, ajenda, maamuzi, sahihi. Kalamu huteleza kwenye maamuzi: "Tumemchagua mtoto mkubwa arithi mali za marehemu." Kitenzi kilichotakiwa ni *asimamie*. Kwa familia ya Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, karatasi hiyo huandamana na maombi yanayopelekwa Mahakama ya Mwanzo, na neno moja hilo laweza kugombanisha ndugu wa tumbo moja.

Msimamizi wa mirathi ni mtumwa wa mali, si mwenyewe. Hukusanya, hulipa madeni, hugawa, na ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni. Mrithi ndiye mwenye haki ya fungu. Mtu mmoja anaweza kuvaa kofia zote mbili, ila ya kwanza haimwongezei hata kuku mmoja.

Asiyeridhika huweka pingamizi. Kupinga ni kukingamisha kitu njiani, na si kila mpita njia anaruhusiwa: mahakama humtaka *mwenye maslahi*, yaani mrithi, aliyetajwa katika wosia, au anayemdai marehemu. Jirani mwenye uchungu tu hana pa kusimama.

Wosia nao una masharti yake. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililokusanya sheria za kimila, linataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua 4, wakiwamo wa ukoo na wasio wa ukoo. Mtoa wosia anaweza kumnyima mrithi kwa sababu nzito, kama kumshambulia au kumtelekeza katika njaa na ugonjwa. Lakini anyimwaye lazima apewe nafasi ya kujitetea. Asipopewa, hapo wosia unapingika. Kwa Waislamu, ambao ni wengi mjini Tabora tangu enzi za misafara, wosia hauvuki theluthi ya mali, wala mrithi hausiwi juu ya fungu lake mpaka wenzake waridhie.

Maana ya mrithi imekuwa ikihamahama. Richard Burton, aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba Wanyamwezi huwaachia mali watoto wa vijakazi na kuwapita wa ndoa, kwa hoja kwamba hawa wa ndoa wana jamaa wa kuwasaidia. Miaka 106 baadaye, tangazo lile likapanga warithi kwa *daraja*: la kwanza mwana wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza, la pili wana wengine wa kiume, la tatu mabinti. Mjane aliachwa nje ya ngazi, atunzwe na watoto wake.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, aliamua katika shauri la Holaria Pastory kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawa na mwanamume. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliitaka Tanzania ibadili sheria hizo za kimila, kufuatia malalamiko ya wajane wawili.

Basi katibu wa kikao aandike *asimamie*, kisha chini yake awataje warithi kwa majina, mabinti na mjane wakiwamo. Jina lililoachwa leo ndilo litakalokuja na pingamizi kesho.