Thomas Nast: Picha Zilizomshika Mwizi, na Picha Zilizosingizia

Mwezi wa Septemba 1876 meli moja ilifika katika bandari ya Vigo, nchi ya Hispania. Ndani yake wakubwa wa Hispania wakamkamata mgeni mmoja kutoka Marekani. Husimuliwa kwamba walimtambua kwa ukurasa mmoja wa gazeti, wenye picha iliyochorwa kwa mkono: mtu mnene aliyevaa nguo za kifungo, amewashika watoto wawili. Kwa kuwa hawakujua Kiingereza, Wahispania wakadhani huyu ni mwizi wa watoto. Sivyo. Alikuwa ameiba mali ya mji mzima. Jina lake William Tweed, na aliyeichora picha ile ni Thomas Nast.

Wasomaji wapenzi, habari za huyu Nast zinatufaa, kwa sababu mkono wake mmoja ulifanya kazi mbili: ulisema kweli kwa ushujaa, na tena ulisingizia.

Utoto na kazi yake

Nast alizaliwa tarehe 27 Septemba 1840 huko Landau, katika Ujerumani, akabatizwa katika Kanisa Katoliki. Baba yake alikuwa mpiga muziki katika bendi ya askari. Mwaka 1846 mama yake alivuka bahari pamoja na watoto, wakakaa New York. Shuleni Thomas hakuendelea sana katika kusoma na kuandika, bali kuchora alijua. Alipokuwa na miaka 15 tu alipata kazi katika gazeti la picha la Frank Leslie, na mwaka 1862 akaingia katika gazeti la Harper's Weekly. Huko ndiko alikopata sifa yake.

Siku zile kutia picha gazetini kulikuwa kazi ngumu. Nast alichora kwa penseli juu ya ubao wa mti mgumu, tena alichora kinyume: mkono wa kuume upande wa kushoto, na herufi zote zimegeuzwa, kama mtu ajionavyo katika kioo. Kisha mafundi walichonga ubao ule kwa visu vyembamba, wakiacha mistari tu isimame juu ipate wino. Kama picha ni kubwa, ubao uligawanywa vipande vipande, kila fundi akachonga chake, halafu vikaunganishwa tena. Hivyo picha ilitoka kwa wakati, kila juma.

Katika vita vya Wamarekani wao kwa wao, toka 1861 hata 1865, Nast alisimama upande wa Rais Lincoln na wa watumwa waliotaka uhuru. Mwaka 1865 alimchora askari mweusi aliyepoteza mguu wake vitani, akiuliza kwa picha hiyo kwa nini mtu kama huyu anyimwe haki ya kupiga kura. Yeye pia ndiye aliyempa Baba Noeli ile sura ya mzee mnene mwenye ndevu nyeupe ambayo watu wengi wanaijua, na ndiye aliyefanya tembo kuwa alama ya chama cha Republican, mwaka 1874.

Vita na Tweed

Tweed alikuwa mkubwa wa chama kilichoitwa Tammany Hall. Maskini waliotoka Ireland walimpenda, kwa maana chama kiliwapa makaa ya mawe wakati wa baridi, na chakula, na kazi. Lakini kilichotolewa kwa mkono mmoja kilichukuliwa mara elfu kwa mkono mwingine. Tazama jumba la mahakama lililojengwa New York wakati huo: liligharimu karibu dola milioni 13. Serikali ya Marekani ilikuwa imenunua nchi nzima ya Alaska mwaka 1867 kwa dola milioni 7 na laki 2! Namna ya wizi ilikuwa rahisi: fundi aliandika bei kubwa kupita kiasi, mji ukalipa, kisha fundi akarudisha sehemu kubwa ya fedha kwa Tweed na wenzake.

Nast alianza kuwapiga kwa picha. Alimchora Tweed mwenye mfuko wa fedha mahali pa kichwa. Tarehe 19 Agosti 1871 alichora wakubwa na mafundi wamesimama katika duara. Swali ni hili: ni nani aliyeiba fedha za watu? Kila mmoja anamwonyesha jirani yake kwa kidole, mpaka duara linarudi lilipoanza. Inasemekana Tweed alinung'unika kwamba maneno ya magazeti hayamsumbui, maana watu wake hawajui kusoma, lakini picha wanaziona. Husimuliwa pia kwamba Nast aliahidiwa fedha nyingi akubali kwenda Ulaya kujifunza sanaa. Akakataa.

Mwezi wa Julai 1871 gazeti la New York Times lilikuwa limetangaza hesabu zenyewe za wizi ule. Katika uchaguzi wa Novemba watu wengi wa Tammany wakaangushwa. Tweed alihukumiwa mwaka 1873. Mwaka 1875 akatoroka, akakamatwa Vigo, akarudishwa, akafa gerezani tarehe 12 Aprili 1878.

Picha ya mamba

Tukiacha hapo, tutasema Nast alikuwa shujaa tu. Lakini tarehe 30 Septemba 1871, katikati ya vita hiyo hiyo, alitoa picha nyingine. Mamba wanatoka mtoni kuwaendea watoto wa shule. Ukitazama vizuri, mamba hao ni maaskofu Wakatoliki: mitra zao ndizo vinywa vyenye meno. Nyuma yao shule ya serikali imebomoka.

Sababu ilikuwa shule. Katika shule za serikali za New York ilisomwa Biblia ya Waprotestanti. Basi Wakatoliki walijenga shule zao, wakaomba msaada katika fedha za watu wote, na wakubwa wa Tammany waliwasaidia. Kulikataa jambo hilo ni haki ya mtu. Lina hoja pande zote mbili. Lakini mamba hana hoja, yeye hula tu. Watu wa Ireland nao Nast aliwachora mara nyingi wenye nyuso za nyani, na chupa ya pombe mkononi.

Sasa tupime kwa mambo yaliyotokea. Tweed hakuwa Mkatoliki. Hesabu za wizi zilifikishwa gazetini na watu wawili wa ukoo wa Ireland, James O'Brien na Matthew O'Rourke. Na wakili aliyeongoza mashitaka juu ya Tweed na wenzake, Charles O'Conor, alikuwa mwana wa mtu wa Ireland, tena Mkatoliki. Wale aliowachora kama nyani ndio walioleta ushahidi.

Nast alikufa kwa homa ya manjano tarehe 7 Desemba 1902 huko Guayaquil, katika Ecuador, alikotumwa kuwa konsuli. Jumba la mahakama la Tweed lingali limesimama, na mwaka 2002 lilipewa ofisi za shule za mji.

Sisi tunaofundisha kwa picha twajua nguvu yake: huingia hata kwa asiyejua herufi moja, wala haimpi nafasi ya kujibu. Kwa hiyo, ndugu, ukionyeshwa picha inayomcheka mtu, uliza kwanza: anashitakiwa kwa tendo gani? Tweed alichorwa kwa matendo yake, na hesabu zikathibitisha. Lakini kama hakuna tendo, ila kabila tu, au dini, au umbo la uso, basi amri ya nane imevunjwa, hata kama mchoraji ni hodari, na hata kama jana alisema kweli.