Dirisha na Pazia Kandokando ya Mlima Kenya

Msafiri apitaye leo katika barabara itokayo Embu kwenda Meru, kwa njia ya Runyenjes, Chuka na Nkubu, huona nyumba nyingi za mawe na za mbao, na katika nyingi za hizo huona madirisha ya kioo yaliyofunikwa mapazia. Ni jambo la kawaida mno, hata halimshangazi mtu. Lakini kwa kipimo cha historia dirisha ni mgeni wa juzi katika nchi hii, na pazia ni mgeni aliyeingia nyuma yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ingekuwa kazi ngumu kulipata dirisha moja katika maskani za Waembu na Wameru.

Neno lenyewe latoa ushahidi. Asili ya dirisha ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ilikuwa mlango mdogo. Liliingia katika Kiswahili pwani, kisha likapanda bara pamoja na kitu chenyewe. Wakikuyu, ambao ni jirani za Waembu na ndugu zao kwa lugha, husema ndirica. Mara nyingi neno la kuazima huja limebebwa na kitu cha kuazima.

Nyumba ya kale ilikuwa ya mviringo. Ukuta wake ulikuwa wa mbao au wa fito zilizokandikwa udongo, na paa la nyasi lilishuka chini sana, hata mtu mzima aliinama apate kuingia. Mlango ulikuwa mmoja. Katikati paliwaka moto juu ya mafiga matatu, na moshi haukuwa na tundu la kutokea, bali ulijipenyeza polepole katika nyasi za paa. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya walililaumu giza hilo na moshi huo, wakadhani ni dalili ya ujinga. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka. Usiku wa mlimani una baridi kali, na tundu ukutani lingaliutoa joto nje. Mwizi wa mifugo na mnyama mkali wasingeweza kuingia ila kwa mlango mmoja uliolindwa. Moshi nao ulikuwa na kazi: uliwafukuza wadudu walao miti na nyasi za paa, na uliihifadhi mbegu iliyowekwa darini juu ya moto. Kazi zilizohitaji mwanga, kama kusuka vikapu na kuchambua nafaka, zilifanywa uani, mchana. Hata hivyo si haki kusifu bila kipimo. Waganga wa siku zetu wamethibitisha kwamba moshi wa kuni ndani ya nyumba huumiza mapafu, na waliouvuta zaidi walikuwa kina mama na watoto wachanga.

Je, watu wale waliwezaje kufichiana mambo yao bila pazia? Jibu ni kwamba walitenganisha nyumba badala ya kutenganisha vyumba. Mke alikuwa na nyumba yake. Mume alipokea wageni katika thingira. Na huko Meru vijana mashujaa walilala pamoja katika gaaru. Mkwe alijua mahali asipopaswa kukanyaga. Heshima ililindwa kwa masafa na kwa desturi. Mjini Lamu, matajiri wenye nyumba za mawe walilifumbua fumbo hilohilo kwa njia nyingine: kuta nene zilizoelekea barabara zilikuwa na matundu machache, na mwanga uliingia kutoka ua wa ndani uliozungukwa na vyumba. Mlimani hapakuwa na mawe yaliyochongwa, lakini ardhi ilikuwepo ya kutosha.

Waingereza waliishinda Embu kwa silaha mwaka 1906, na mwaka 1908 E. B. Horne akaanzisha boma la Meru. Wamisionari wa Kianglikana walifika Kigari, karibu na Embu, mwaka 1910. Na mwaka 1922 Daktari Irvine wa misheni ya Uskoti alianza kazi yake Chogoria. Maboma na misheni hizo ndizo zilizoleta nyumba za pembe nne, na pamoja nazo madirisha. Nadhani kitabu kilisaidia kuliingiza dirisha kuliko amri yoyote. Mtoto aliyejifunza kusoma shuleni alirudi nyumbani akakuta giza, na kitabu hakisomeki gizani.

Serikali ilileta pia kodi ya nyumba. Kwa kuwa kila kibanda kilihesabiwa, baadhi ya watu walijibana wengi katika vibanda vichache ili kupunguza malipo. Msomaji asidhani kwamba hila hiyo ilikuwa ya Waafrika peke yao. Uingereza yenyewe ilitoza kodi ya madirisha tangu mwaka 1696 hata 1851, na wenye nyumba wengi waliyaziba madirisha yao kwa matofali. Ufaransa ilitoza kodi ya milango na madirisha tangu 1798 hata 1926. Mtoza kodi ameharibu mwanga wa nyumba katika nchi nyingi.

Kilichoibadili nyumba ya mlimani zaidi ya yote ni bati. Bati halipitishi moshi kama nyasi, basi moto ulilazimika kutoka ndani na kujengewa jiko lake nyuma. Tena bati hukaa vizuri juu ya ukuta ulionyooka, na ukuta ulionyooka huipokea fremu ya dirisha bila taabu. Fedha zilitoka katika kahawa, ambayo Waafrika wa Meru na Embu walianza kuruhusiwa kuilima katika miaka ya 1930. Dirisha la kwanza la mkulima halikuwa la kioo, bali la mbao, pengine la mti wa muuru ambao wauza mbao huuita mwaloni wa Meru. Dirisha hilo halikuhitaji pazia. Likifunguliwa, mwanga na upepo huingia. Likifungwa, hapana aonaye. Kioo ndicho kilicholeta mashaka, kwa sababu huruhusu jicho kupita hata dirisha likiwa limefungwa, na usiku taa ikiwaka humwonyesha mwenye nyumba kwa kila apitaye njiani.

Hapo katikati ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Tangu mwaka 1954 Serikali iliwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru wengi katika vijiji vilivyolindwa. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa, na vijiji vyao vilizidi 800. Nyumba nyingi za zamani zilibomolewa au kuchomwa. Katika vijiji hivyo vibanda vilipangwa mistari, kimoja karibu na kingine, chini ya macho ya walinzi. Yale masafa yaliyokuwa yakilinda heshima kati ya mzazi na mkwe yalifutwa kwa siku chache. Sidhani kwamba historia ya nyumba katika nchi hii ina sura chungu kuliko hiyo.

Hali ya Hatari ilikoma mwaka 1960. Watu waliporudi katika mashamba yao walijenga upya, na wengi hawakuirudia nyumba ya mviringo. Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilikuwa vikiwafundisha kina mama kushona, na pazia la kitambaa kilichotariziwa likawa fahari ya sebule.

Pazia la kuviringisha, ambalo leo laonekana katika ofisi za miji yetu, lina historia yake mbali. Mwaka 1864 Mmarekani Stewart Hartshorn alipewa hati ya uvumbuzi wake: mti wa mviringo wenye springi ndani. Kitambaa kikivutwa chini, springi hukazika, na kipini kidogo huizuia. Kikivutwa tena kidogo na kuachiwa, springi hukipandisha. Anayelichagua kwa nyumba ya Meru yampasa akumbuke kwamba mji huo u karibu kabisa na Ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na Desemba upande wa kusini, lakini lipigalo ndani zaidi ni lile la asubuhi na la jioni, kwa madirisha ya mashariki na magharibi. Kitambaa cheupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, na cheusi hunywa joto. Tena pazia la ndani huchelewa, maana joto limekwisha kupita kioo. Lile paa la nyasi lililoshuka hata begani lilikizuia kivuli nje ya ukuta, mahali panapofaa.

Nyuma ya nyumba nyingi zenye vioo na mapazia bado liko jiko dogo la mbao, lisilo na dirisha ila nafasi nyembamba chini ya paa. Moshi hupita hapo, na juu ya mafiga hutundikwa mahindi ya mbegu.